Supu ya Kiti cha 2A

Kalliroi Karaviti alikuwa amewapikia watu wa angani miaka ishirini na minne, na tisa ya mwisho amewapikia matajiri watupu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona hata mmoja wao akitafuna. Jiko lenyewe liko Spata, nyuma ya maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa lori hadi ilipo ndege. Chakula kikishatoka mlangoni kimefungwa, kimebandikwa karatasi na kupoa mpaka ndani ya mfupa, na kinakwenda kuliwa mahali ambapo mpishi hana pa kusimama akachungulia. Mpishi wa mgahawa hujifuta mikono akatoka kupokea asante. Wa angani hupokea ripoti, na ripoti, kama ujuavyo, haiandikwi na mtu aliyefurahi.

Daraja la kwanza la shirika la Aurelia lilikuwa na viti vinane. Kwa ajili ya midomo minane wapishi wanne waliingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Huko upande wa pili wa ukuta mashine zilikuwa zikimimina wali na kuku kwa ajili ya watu mia tatu wa nyuma, huku kwao mtu mmoja alikuwa ameinama na kibano akimgeuza kamba. Ukutani kulikuwa na picha ya kila chakula, na chakula kilipaswa kufanana na picha yake. Kamba watatu, vichwa vikitazama kushoto. Wakitazama kulia ni kosa, na kosa linaandikwa. Mchuzi usiguse ukingo wa sahani. Mkate uwe wa gramu arobaini, si thelathini na nane, kana kwamba bwana aliyelipa nauli ya bei ya gari atatoa mizani mfukoni aanze kupima.

Kalliroi hakuyacheka mambo hayo. Aliyapenda, tena kwa siri, kama mtu anavyopenda unadhifu wa nyumba isiyo yake. Kwake Koropi, tangu mumewe Lazaros afariki, mwanamke huyo aliyejua kupika vyakula mia mbili alikuwa akila mkate na jibini amesimama kando ya sinki. Hakuona sababu ya kuchafua sufuria kwa ajili ya mtu mmoja.

Basi ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa pili, orodha ikaletwa. Abiria wa daraja la kwanza huchagua chakula siku tatu kabla, na jikoni hupelekewa karatasi yenye jina, kiti, chakula alichotaka na asichoweza kula. Kalliroi aliisoma akiwa anatembea. Akasimama. Akaisoma tena, kisha akaenda nayo hadi meza ya vyakula baridi, alipokuwa shoga yake Tasoula akipanga tini kwenye visahani.

"Nisomee hapa, Tasoula. Miwani imeshika mvuke."

"Miwani yako haina mvuke wowote," Tasoula alisema, lakini akaipokea karatasi. "1A, bwana wa samaki, asipewe kitunguu saumu. 1K, bibi wa kondoo, ila anamtaka kondoo asiye na mafuta, sijui wa kuchongwa. 2A, supu ya yuvarlakia, asipewe lozi. Karavitis Anestis." Akainua uso. "Si jina lenu hilo, kwa kiume?"

"Ni jina la mwanangu."

"Mwanao si yuko New York?"

"Ndiko inakokwenda hiyo ndege."

Tasoula akaweka tini chini. "Subiri. Wewe si uliniambia wako wawili?"

Kweli, walikuwa wawili. Lazaros na kaka yake walimwita kila mmoja mtoto wake wa kwanza kwa jina la babu, kama inavyofanywa, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake jina. Kwa hiyo duniani kulikuwa na Anestis Karavitis mmoja aliyefanya kazi benki New York, na Anestis Karavitis mwingine aliyeendesha lori la matikiti huko Larisa.

"Basi ni wa matikiti," Tasoula alisema. "Pengine mwaka huu yameuzwa."

"Wa matikiti hula lozi kwa kilo."

Hadithi ya lozi Tasoula aliijua, kila mtu jikoni aliijua: Anestis alipokuwa na miaka sita, kwenye ubatizo huko huko Larisa, aliweka mdomoni lozi moja ya sukari waliyogawiwa wageni, na kabla padri hajavua joho midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na Kalliroi anakimbia naye barabarani, viatu mkononi.

"Mpigie simu," Tasoula alisema kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini? Jumapili ameniambia yuko kwake, theluji imefika madirishani, na kazi zimembana hadi Pasaka."

"Mwambie umemwona."

"Sijamwona. Nimeona supu."

Anestis alipiga simu kila Jumapili saa kumi na moja jioni, miaka kumi na moja hakuikosa, na kwa hilo lazima asifiwe. Hawakuwahi kugombana. Kalliroi angependa kuwe na ugomvi, kwa sababu ugomvi una siku yake na sababu yake, unaweza kuushika na kuumaliza. Kilichotokea kati yao hakikuwa na siku. Alikuja kwa mazishi ya babake, akakaa siku nne, akaondoka, na tangu hapo ilikuwa Pasaka ijayo, halafu Agosti, halafu Pasaka. Mwaka wa nne huu. Mama aliuliza anakula nini, mwana akasema anakula vizuri, mwana akauliza mama hajambo, mama akasema hajambo. Hakumwambia kwamba alipandishwa daraja la kwanza. Anestis aliamini mamake bado anapanga mikate kwenye trei za plastiki, maana hakuuliza, na Kalliroi hakujua mtu anajisifuje kwenye simu.

Kwa hiyo Anestis hakujua pia kwamba yuvarlakia ile aliyoichagua kwenye orodha ya vyakula sita ilikuwa ya mamake. Ni Kalliroi aliyeipeleka kwenye kikao cha vyakula vipya miaka miwili nyuma: vidonge vya nyama na mchele ndani ya mchuzi wa yai na limau, chakula cha nyumbani, cha siku mtoto akirudi shule na mafua. Mabwana wa Aurelia waliionja wakatazamana. Mmoja alisema imemkumbusha mtu.

"Kadi yako ya njano si inakufikisha hadi mlango wa ndege?" Tasoula alisema. Alikuwa amerudi kwenye tini zake lakini hazikwenda. "Panda lori. Sema unakagua oveni. Wa daraja la kwanza hupanda wa kwanza, atakuwa ameshakaa."

"Mtu mzima amekaa kwenye mji wa mamake na hakusema. Nikamtokee nyuma ya pazia na kofia ya nailoni kichwani?"

"Ningekuwa mimi ningemtokea na mwiko."

"Wewe una wanao watatu na wote wako hapo jirani Marousi. Unaweza kumpoteza mmoja kwa mwiko."

Tasoula akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akainamia tini zake.

Ilimuuma Kalliroi, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Ilimuuma kifuani, mahali hasa, kama mtu aliyemeza mfupa. Alifikiria hoteli za barabara ya Syngrou, na mwanawe amelala humo siku moja au mbili, nusu saa kutoka Koropi, akitazama saa yake. Alijiuliza kama alipita karibu. Alijiuliza kama aliona taa. Na chini ya maumivu hayo, jambo ambalo lilimwaibisha, kulikuwa na furaha: alipewa vyakula sita achague, wamo kaa na nyama ya ndama na samaki wa mkaa, na mtoto akachagua supu ya mafua.

Hapo ndipo alipoamua. Hatakwenda mlangoni, hatapiga simu. Atampikia. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba kijiko cha kwanza kikiingia mdomoni Anestis ajue ni mkono wa nani. Akishajua, atafanya analoona. Atapiga simu au hatapiga. Lakini hataweza kusema hakujua.

"Bi Kalliroi, supu leo si yako," alisema Menelaos, msimamizi wa zamu. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, na kazi yote aliifundishwa na yeye, kwa hiyo alimwamrisha kwa adabu. "Wewe una kondoo."

"Kondoo mpe mwingine. Huyo bibi hataki mafuta, hata mtoto mchanga ataweza."

"Kuna nini?"

"Kuna supu moja, Menelaos, nataka kuipika mimi. Nikuandikie barua?"

Menelaos akainua mikono akaenda zake.

Sasa, kuna jambo moja la kazi hii ambalo wageni hawalijui, na ndilo linalotenganisha mpishi wa angani na mpishi mwingine yeyote. Ukiwa juu, hewa ni kavu, injini zinanguruma, pua inakauka, na ulimi unalala. Chumvi inapotea, limau linafifia. Chakula kilichokolea vizuri hapa chini, huko juu ni maji ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana katika jiko la Spata ilikuwapo desturi, na wapya wote waliicheka mpaka walipokemewa: mpishi wa daraja la kwanza haonji chakula hivi hivi. Anaziba pua kwa vipande viwili vya pamba, anakwenda kusimama chini ya feni kubwa ya moshi inayonguruma, na hapo ndipo anapoonja. Kikimkolea akiwa hivyo, kimekolea kwa angani. Akitoa pamba akaonja tena, atakunja uso na kuomba maji. Kalliroi alikuwa amefanya hivyo kila siku ya kazi. Mfuko wa aproni yake ulikuwa na pamba kama mfuko wa mwingine ulivyo na leso.

Alianza kwa kunawa mikono hadi kwenye viwiko. Nyama aliikanda mwenyewe, hakuitia mashineni. Alilowesha vidole na kuviringisha vidonge kimoja kimoja, vidogo kuliko vya kwenye picha, kwa sababu Anestis hakupenda kukata kidonge kwa kijiko, alitaka kiingie kizima. Alivihesabu kimoyomoyo kama alivyokuwa akifanya zamani, wewe kimoja, baba kimoja, wewe kimoja. Mchuzi ulipoanza kutulia alipiga mayai, akakamua limau, akamimina mchuzi wa moto kwenye mayai polepole, tone, tone, mpaka rangi ikawa kama siagi ya asubuhi. Mvuke ukampanda usoni. Miwani sasa ilishika mvuke kweli.

Alikuwa jikoni Spata na hakuwa Spata. Alikuwa Koropi, mwaka ambao Lazaros alikuwa bado na nywele, mtoto yuko mezani ameegemeza kichwa kwenye kiganja, na yeye anainua kijiko anaonja. Akaonja. Ilikuwa yenyewe. Chumvi mahali pake, limau mahali pake, kila kitu kimekaa. Machozi yalimtoka na akayafuta kwa mgongo wa mkono, akafunga bakuli, akabandika karatasi ya kiti, akaandika chini yake nambari yake ya kazi, kumi na moja.

Lori likaondoka saa tano na nusu. Tasoula alikuja akasimama naye mlangoni, bega kwa bega, mpaka lori likakata kona ya ghala la maua.

Ndege yenyewe iliruka saa saba. Kalliroi aliisikia, kwa kuwa alizijua kwa sauti, akaendelea kusugua meza. Saa nane alibadili nguo akapanda basi la Koropi. Alipata kiti cha dirishani. Alikuwa amechoka kwa namna nzuri, kama mtu aliyetuma barua. Akatia mkono mfukoni kutafuta tiketi, akagusa kitu laini, akakitoa.

Ilikuwa pamba. Vipande viwili, alivyovichana asubuhi kabla ya kazi na kuvihamisha kwenye koti bila kufikiri alipovua aproni. Vilikuwa vyeupe, vikavu, havijaguswa.

Alivitazama kwa muda. Kisha akatazama saa. Walikuwa wamepita Italia, meza zinatandikwa vitambaa. Miaka tisa hakuwahi kusahau, si siku aliyokuwa na homa, si siku aliyorudi kazini baada ya kumzika Lazaros, na leo, kwa mtu huyu mmoja, ameonja kama mama. Amempelekea mwanawe maji ya moto yenye rangi. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele aligeuka akamuuliza kama anajisikia vibaya, naye akasema hapana, ni vumbi, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa na nje mvua inanyesha.

Ripoti ilifika kesho yake saa nne. Menelaos hakumsomea mbele ya watu. Alimwita kwenye chumba cha baridi, wakasimama kati ya makreti ya maziwa, pumzi zao zikionekana.

"1A ameridhika," Menelaos alisoma. "1K amemaliza kondoo, ameuliza kama kuna zaidi. 2A." Akakohoa. "2A ameomba chumvi, ameongeza mara mbili, ameacha nusu ya supu. Amesema haina ladha."

"Nusu," Kalliroi alisema.

"Umeonja vipi, Bi Kalliroi?"

"Kwa mdomo."

"Na pamba?"

"Nilisahau."

"Wewe?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtoto aliyeambiwa mwalimu hajui kuhesabu. "Wewe uliyenipiga kofi la kisogo kwa sababu hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mimi. Andika nambari kumi na moja amesahau, nitie sahihi, turudi kazini. Hapa ndani kuna baridi."

Aliandika. Likawa kosa la kwanza la Kalliroi kwenye daftari, na halikumuuma hata kidogo. Kilichomfanya asilale ni ile nusu. Bakuli lilikuwa na vidonge kumi. Kwa hiyo vitano viliingia. Kijiko cha kwanza, kabla ya kuomba chumvi, hicho kilikuwa cha nini? Alijua au hakujua? Jumamosi nzima alizunguka na swali hilo, akaosha mapazia ambayo hayakuwa machafu, akamjibu Tasoula kwenye simu kwa neno moja moja mpaka Tasoula akamwambia aende alale, na aliongeza kwamba kama mtoto hatapiga Jumapili yeye mwenyewe atamtafuta huko benki kwake.

Lakini alipiga. Saa kumi na moja kamili, kama siku zote.

"Mama. Habari za huko?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Kazi tu, mama. Wiki nzima sijatoka ofisini, nimekuwa kama kiti."

"Na theluji?"

"Imeanza kuyeyuka."

Kalliroi alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, mkono wa pili umeshika godoro. Uongo wa ofisi aliumeza. Theluji aliimeza pia, ilikuwa imeshapoa tangu Jumapili iliyopita. Aliuliza swali lake la kila wiki.

"Unakula?"

"Ninakula." Hapo ndipo huwa wanahamia kwenye hali ya hewa, lakini leo Anestis hakuhama. "Juzi nimekula yuvarlakia, mama."

"Ee. Wapi?"

"Hapa hapa, Astoria. Kuna mgahawa mpya wa Wagiriki."

"Ilikuwaje?"

Ulisikika mlango ukifungwa huko kwake, kama mtu anayetafuta pa kuzungumzia. "Nitakuambia kitu na usinicheke. Kijiko cha kwanza nilitaka kulia. Kweli. Kulikuwa na watu karibu, nikageukia dirishani. Nikasema huyu mpishi amemwona wapi mama? Vidonge vidogo, vile vile. Nikaona mpaka kitambaa chetu cha meza, kile cha miraba."

Kalliroi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndicho alichokitaka, kimekuja chote, kimekuja na miraba yake, na angeweza kukichukua akaishi nacho. Angesema vizuri, mwanangu, nimefurahi umekula, na Jumapili ingeisha salama kama Jumapili mia tano zilizotangulia.

"Lakini hawajui kazi," Anestis aliendelea, sauti imerudi kuwa ya mtu wa benki. "Haina chumvi hata chembe. Kama ya hospitali. Nimeacha nusu. Ungekuwa wewe ungemfukuza huyo mpishi."

"Haikukosa chumvi," Kalliroi alisema.

"Nini?"

"Haikukosa chumvi. Nimeionja mwenyewe, ilikuwa sawasawa. Ninyi mlikuwa juu, mmeshapita Italia, ulimi huko unalala. Nilisahau kuziba pua, basi. Usiseme mpishi hajui kazi."

Lilimtoka hivyo, lote, kabla hajalifikiria. Uongo wa mtoto aliweza kuufunika, lakini kuambiwa supu yake haina chumvi hakuweza, na sasa hakukuwa na kurudi.

Alisikia gari likipita huko mbali, barabara ya New York yenye maji.

"Mama, unasema nini?"

"Kiti cha 2A. Asiyekula lozi."

"Wewe si uko kwenye mikate?" alisema Anestis, kwa sauti ndogo.

"Niko daraja la kwanza, mwaka wa tisa."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Nami ningekuambiaje?"

"Kama ulijua nipo, kwa nini hukuja?"

"Hukuniambia upo, Anestis."

Alimsikia akikaa, au akiegemea kitu. "Nilikuwa na siku mbili tu, mama. Vikao tangu asubuhi mpaka jioni. Siku mbili."

"Siku mbili ni nyingi."

"Jumatano jioni nilichukua teksi," alisema haraka. "Nikafika hadi kwenye duka la dawa, pale kona. Nikamwambia dereva ageuze. Ningeingia kwa saa moja, ungepika, halafu ningeinuka, nawe ungesimama pale mlangoni ulie. Mara ya mwisho nililia mpaka ndege inatua. Mimi siwezi, mama. Nilisema afadhali usijue."

Duka la dawa liko nyumba ya tano kutoka kwa Kalliroi. Jumatano jioni alikuwepo. Alikuwa amesimama kando ya sinki na mkate wake, na redio imewashwa ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

"Ningelia," alisema. "Ningelia, wewe ungeondoka, mimi ningebaki na vyombo vya kuosha. Vyombo vya watu wawili. Hayo yalikuwa yangu, mwanangu. Ulininyima, na kisha ukasema ni huruma."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemsahihisha mtu kazini, polepole, ili asirudie. Huko upande wa pili Anestis alianza kusema "Pasaka," akaliacha neno katikati. Kalliroi akamsikia akipenga kamasi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Kalliroi alingoja aseme kitu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakumsaidia kwa kuuliza habari za hali ya hewa.